Urusi na Marekani walivyotaka kunikosesha mke hapa Shanwe

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo sina swali wala siuzi kiwanja. Nina kisa changu mwenyewe, kimenitokea hapa hapa Mpanda. Nusu ya watu wa kijiwe chetu wamo humu wanasoma, nikiongeza chumvi watanisema, kwa hiyo nitakieleza kama kilivyokuwa.

Kwanza muwajue wahusika.

Mimi nauza sola na betri pale Shanwe. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, aliyenilea ni baba mdogo. Ni fundi pikipiki, na fundi kweli, sio wale wa kufungua injini halafu wanabaki na nati mkononi. Pikipiki zinazomlisha zote ni za Mchina, lakini moyo wake uko Marekani. Kijiweni wanamwita Washington.

Halafu kuna Mzee Masanja. Msukuma, alihamia Kakese zamani na ng'ombe wake, sasa ana mashamba ya mpunga huko na mashine ya kukoboa hapa Shanwe. Huyu ni Urusi damu damu. Ukiisema vibaya Urusi mbele yake ni kama umemtukania mama. Wanamwita Moscow na anaitika. Trekta analolimia ni la Mmarekani, ila hilo hatulizungumzi.

Na Mzee Masanja ana binti, Nyamizi, anauza mchele sokoni. Mimi na Nyamizi tumependana muda mrefu tu.

Nadhani mmeshaona balaa linapoanzia.

Hawa wazee walikuwa wanabishana kila siku kwenye kahawa, wanacheka, wanaagana. Nani ana ndege kali, dola inaanguka au haianguki. Na dunia ya sasa wababe ni wengi, sio wawili tena, kwa hiyo kijiwe chetu nacho kilikuwa na Mchina wake, Mhindi wake, Muirani wake. Ilikuwa raha tupu.

Ikaja siku pikipiki ya Mzee Masanja ikazingua. Akaileta kwa baba mdogo mwenyewe, kiungwana kabisa. Baba mdogo akamuuliza mbele za watu, "Kwani Mrusi hana fundi?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aligeuza pikipiki yake imezima vile vile, akaisukuma juani mpaka kwa fundi mwingine. Tangu hapo hata salamu wakawa hawapeani. Watu wazima wanapishana mlangoni pa duka langu kama hawajuani.

Mimi nilidhani ni utani. Nilipotaka kupeleka posa ndo nikajua jambo ni serious.

Kwetu huwezi kwenda kuposa peke yako kama unaenda kununua betri. Lazima uende na mzazi, na mzazi wangu ndo huyo Washington. Mzee Masanja akatuma neno kwamba kijana simkatai, ila yule Mmarekani hakanyagi uani kwangu. Baba mdogo naye akasema hawezi kwenda kumpigia magoti Mrusi.

Nikamtania Nyamizi kwamba basi nimtoroshe. Hakutabasamu hata kidogo.

"Mimi sitoroshwi kwa ajili ya Urusi," akasema. "Nenda kawapatanishe. Ukishindwa niambie mapema, nijue moja."

Wakuu, lile neno "nijue moja" lilininyima raha. Nilikuwa nauza betri nasahau kurudisha chenji.

Hapo ndo akaingia rafiki yangu Hamisi, kinyozi. Kijiweni anaitwa Mturuki, kwa sababu ananyoa pande zote na kila upande unaamini yeye ni wa kwao. Akaniambia, "Niachie mimi." Haikupita wiki akaja anachekelea. Wote wamekubali, posa ni Jumapili, Kakese.

Sikumuuliza amefanyaje. Nilikimbia kununua shati.

Jumapili tukaenda, mimi na baba mdogo, Hamisi akiwa mshenga. Uani pamefagiliwa, viti vimepangwa, na jikoni kunanukia wali wa mchele wao wenyewe na migebuka, samaki wametoka ziwani kule Kapalamsenga siku ile ile. Nilijisemea moyoni mambo yameiva.

Tukakaa. Wakasalimiana juu juu. Halafu kimya.

Kimya kile wakuu, nimeshakaa kwenye misiba yenye kelele zaidi.

Mwishowe Mzee Masanja akasema, "Haya. Nasubiri."

Baba mdogo akajibu, "Hata mimi nasubiri."

"Wewe unasubiri nini?"

"Si umesema utaniomba radhi?"

"Nani, mimi? Nimeambiwa wewe ndo unakuja kuniomba radhi."

Wote wawili wakageuka kumtazama Hamisi. Hamisi alikuwa anatazama kuku.

Kumbe Mturuki alimwendea kila mmoja akamwambia mwenzako anajuta sana, anatafuta tu pa kusemea. Ndo usuluhishi wenyewe huo. Baba mdogo akasimama, akavaa kofia yake. Mzee Masanja akamwonyesha njia kwa kidevu.

Nikamwona Nyamizi mlangoni mwa jiko, amekunja mikono. Hakuwa anawaangalia wazee, alikuwa ananiangalia mimi. Nilitaka ardhi ipasuke.

Ndipo akatoka mama yake, na mwiko mkononi. Mama huyu siyo muongeaji.

"Chakula kimeiva," akasema taratibu. "Ila hakitoki. Hakitoki mpaka kila mmoja wenu aseme jambo moja zuri la nchi ya mwenzake. Sio ya kwake, ya mwenzake." Akarudi jikoni, tukasikia anafunika masufuria.

Hivyo ndo vikwazo, wakuu. Vile mnavyosikia kwenye redio ni cha mtoto.

Baba mdogo akabaki amesimama. Upepo ukageuka, ukatuletea harufu ya migebuka. Nikaona koo lake linapanda na kushuka, halafu akakaa.

Mzee Masanja akaanza. "Marekani..." Akakohoa, akarudia. "Marekani, trekta wanajua kutengeneza. Langu halijawahi kunisumbua."

Ikawa zamu ya baba mdogo. Akavua kofia, akawa anaichezea.

"Mrusi ni mvumilivu," akasema. "Anaweza kusukuma pikipiki kwenye jua lote lile, na asimtukane mtu."

Nikafumba macho. Nilijua vita imeanza upya. Nilichosikia ni kicheko, na aliyekuwa anacheka ni Mzee Masanja, anacheka mpaka anajishika mbavu.

"Jua lilikuwa kali," akasema.

"Najua," baba mdogo akamjibu, na safari hii hakuwa anatania. "Nilikuangalia mpaka ukakata kona. Nilikosa, kaka. Nisamehe."

Chakula kikatoka. Tulikula wakuu, tulikula kama tumetoka kulima. Hamisi alipewa kichwa cha samaki tu, na hakulalamika.

Katikati ya kula, Mzee Masanja akanigeukia. "Na wewe kijana, hatujakusikia. Uko upande gani?"

Hamisi akaacha kutafuna. Nikisema Urusi, namwangusha aliyenilea. Nikisema Marekani, narudi Shanwe na shati langu jipya. Sikuwa na muda wa kufikiri, nikasema kilichokuwepo moyoni.

"Mzee, mimi niko upande wa Nyamizi."

"Na Nyamizi akikosea?"

"Nitamwambia tukiwa wawili."

Mzee akanitazama, kisha akamtazama baba mdogo kwa muda mrefu.

"Washington," akasema, "umelea."

Neno hilo moja tu. Baba mdogo, ambaye sijawahi kuona chozi lake tangu tumzike kaka yake, akatoa leso. Akasingizia mwiba wa samaki. Mimi sikusingizia kitu, nililia wazi wazi na furaha nikaisikia mpaka kwenye miguu.

Tumeoana, wakuu, na harusi ilijaa pande zote za dunia.

Nilichojifunza ni hiki. Hao wakubwa tunaowagombania wanapigiana simu, wanauziana mafuta, wanapiga picha wameshikana mikono. Sisi huku tunanyimana salamu kwa ajili yao, na hakuna hata mmoja wao anayejua Kakese iko wapi. Shangilia nchi unayotaka, ubishi ni raha yetu. Ila jirani yako ndiye atakayekuja kuposa kwako.

Jambo la mwisho. Muda wote ule hakuna mtu aliyemuuliza Nyamizi mwenyewe yuko upande gani. Juzi nikamuuliza. Alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa.

"Upande wa anayelipa vizuri," akasema. "Akija Mchina sawa, akija Mhindi sawa, akija Mmarekani sawa. Ila asije akanichagulia wengine wa kuwauzia."

Kumbe wakati wote tunahangaika na Mturuki, mimi nilikuwa naoa waziri wa mambo ya nje.

Haya, na nyie huko kwenu vijiwe vina amani? Semeni. Wale mliowahi kupatanishwa na mtu kama Hamisi, mtangulie nyie.