KAKA AMEKATAA MRIJA WA MUME WANGU

Admin, nifichie jina tafadhali. Kasulu ni ndogo na mawifi zangu wote wamo humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa hapa Kasulu, nina watoto wawili. Kwetu ni Muyama. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu, na baba alishafariki. Mume wangu ana banda la video, siku za kawaida anaonyesha filamu, Jumamosi mpira. Sikuwahi kuwa na shida na kazi hiyo, ndiyo inayotulisha.

Shida ilianza na filamu moja ya Wazungu iliyotafsiriwa Kiswahili, ya mashabiki wa mpira wanaotembea kwa makundi na kuwapiga mashabiki wa timu nyingine mitaani. Vijana waliipenda mpaka wakawa wanaomba irudiwe kabla ya kila mechi. Nikaona ni utani tu, maana nani asiyetaniana kwa mpira? Kumbe mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, kawafanya kikundi. Wakashona skafu nyeusi, yeye wakamwita Kamanda. Nikamwambia, "Baba Neema, wewe si mtoto." Akacheka. "Mama Neema, hujui raha ya kuogopwa."

Siku ya mechi ya watani wa jadi kaka alikuja Kasulu kuuza maharage, akapitia bandani kwa shemeji yake kuangalia mpira, kavaa jezi ya timu yake. Ikashinda, akashangilia. Wakamsubiri nje. Mume wangu hakurusha ngumi, hilo nalikubali. Alisimama mlangoni akaangalia, na neno lake moja lingetosha. Kaka tulimkimbiza hospitali ya Kabanga, lakini jicho la kushoto lilikuwa limeshaharibika. Polisi walipouliza, banda zima halikuona kitu.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini hakuwazuia. Akasema, "Ningewazuia wangenionaje?" Jamani, nililia kama nimefiwa.

Baadaye wazee wa upande wake wakambana. Kwetu sisi, aliyekosa anapeleka pombe ya ndizi kwa aliyemkosea, mnaweka mirija kwenye chungu kimoja mnakunywa pamoja, na kesi inakufa hapo. Hakuna kulipiza tena. Tukaenda Muyama, mume wangu kabeba pombe mwenyewe. Mama akamwambia kaka, "Mwanangu, kunywa, yaishe." Kaka akaushika mrija, akautazama kwa hilo jicho lililobaki, akaurudisha mkononi mwa mume wangu. "Shemeji, kunywa peke yako." Mama akapiga yowe, "Mawe wee, mama yangu wee, mmenimaliza!" Ile pombe ilikaa mpaka ikachacha, mama akaimwaga mgombani.

Nilidhani ni hasira tu. Sasa ndiyo nimeelewa. Angekunywa asingeweza tena kumgusa mume wangu, na kaka si mtu wa kunywa halafu akageuka.

Juzi kanipigia simu. "Dada, na mimi nina vijana wangu sasa. Ile filamu hata mimi niliitazama. Niambie tu, Jumamosi mpira ukiisha, mumeo anarudi kwa njia ipi?"

Nikamwambia, "Kaka, huyo ni baba wa wapwa zako."

"Na mimi ni mjomba wao. Wakiniuliza jicho liko wapi niwaambie nini?" Akakata.

Nikienda polisi nimemfunga kaka, na mama hana mwingine wa kumlimia. Nikimwambia mume wangu, atakusanya vijana wake wamfuate Muyama kabla ya Jumamosi, namjua. Nikinyamaza, kaka hiyo njia ataijua tu, nani hamjui Kamanda hapa mjini? Mchungaji kaniambia niombe. Naomba, ila sijui hata niombe nani apone.

Asubuhi hii mume wangu kanipa skafu yake nimfulie kwa ajili ya mechi. Iko hapa mbele yangu kwenye beseni, nimeshindwa hata kutia sabuni. Kesho kutwa ndiyo Jumamosi. Msinitukane, nishaurini tu, mimi wa kule na wa huku nifanye nini?