Niliomba radhi kwa heshima, kikao kikaandika nimekiri kosa

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nafanya usafi wa vyumba kwenye lodge moja hapa Mikumi. Mliowahi kulala huku mnawajua nyani wetu. Dirisha likibaki wazi kidogo tu, wameshaingia.

Siku hiyo waliingia chumba cha mgeni. Wakachana begi, wakaangusha TV, dawa za mtu wakazitafuna. Mgeni akawaka kweli kweli.

Supervisor wangu, mzee wa umri wa baba yangu, akasema mimi ndiye niliyeacha dirisha wazi.

Nililifunga. Mama Rehema wa laundry alimwona supervisor mwenyewe akilifungua baadaye, eti chumba kipate hewa.

Nikaitwa kikao cha nidhamu. Naingia, mwenyekiti ni nani? Mzee huyo huyo. Kanishtaki yeye, shahidi yeye, na anayeamua ni yeye. Pembeni dada wa HR anaandika.

HR akauliza kama nina pingamizi na mwenyekiti. Wakuu, huyu ni jirani yetu kule Zombo, ndiye aliyenitafutia hii kazi, kila asubuhi nampa shikamoo. Ningeanzia wapi kusema hafai? Nikajibu sina.

Nikaomba Mama Rehema aitwe. Mzee akasema hakuna haja ya kusumbua watu. Halafu akaongea kwa upole kabisa:

"Mwanangu, omba radhi tu yaishe, turudi kazini."

Mliolelewa huku kwetu mnanielewa. Mkubwa akikwambia hivyo unaomba radhi hata kama hujakosa, mambo yanaisha, maisha yanaendelea. Nikainama, nikasema, "Nisamehe, mzee wangu."

HR akaandika nimekiri. Nikafukuzwa kazi, na nyumbani mke ana mtoto mchanga.

Jamaa yangu mmoja anakaa Mabwerebwere, pale Kilosa mjini, aliwahi kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Akanisaidia kuandika rufaa. Director wa lodge alitaka kujua jambo moja tu, kama aliyeshtaki na aliyesikiliza ni mtu mmoja. Alipoambiwa ndiyo, akafuta kikao chote.

Kinarudiwa kesho. Mwenyekiti anatoka tawi jingine. Mama Rehema kakubali kuja, ila anaogopa, maana mzee bado ni bosi wake.

Nilichojifunza ni kwamba anayekushtaki akikaa kukuhukumu, sema pale pale, hata kama ni mjomba wako. Sema kwa adabu, lakini sema. Na radhi za nyumbani usizipeleke kwenye kikao.

Tatizo ni kwamba mzee kampigia baba simu. Jana baba kaniita, anataka nikiri kesho, eti nimemdhalilisha mtu aliyetusaidia.

Nikamwambia, "Baba, nyumbani kwake nitakwenda hata kupiga magoti. Kwenye kikao sitakiri kosa ambalo sikulifanya."

Akainuka, akaingia ndani.

Naogopa wakuu, sitaki kujifanya jasiri. Waliowahi kukaa kwenye hicho kiti cha mshtakiwa nipeni maneno, kesho nianze kusema nini?

Maana leo asubuhi nimempa baba shikamoo, hajaitikia.