Kamba Mkononi mwa Baba

Mimi nimejijenga mwenyewe, na sioni haya kusema. Niliondoka Mombasa na begi moja, nikasomea diploma ya uhandisi wa meli ugenini, nikafanya kazi kwenye meli za mizigo mpaka nikaichoka bahari kabla haijanichoka. Nilirudi na akiba yangu nikajenga ghorofa Uthiru, Nairobi, mbele ya macho ya wale waliosema mtoto wa baharia hufa baharia.

Baharia mwenyewe ni baba yangu. Alisafiri na majahazi ya kubeba boriti, na humo chomboni yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Alitoa mstari, wenzake wakaitikia na kuvuta kamba ya tanga kwa pamoja. Tanga ni zito, na bila wimbo kila mtu huvuta kwa wakati wake, likabaki pale pale. Ndiyo maana mwimbishaji alikuwa na ruhusa asiyokuwa nayo mwingine: ndani ya wimbo angeweza kumtukana nahodha, na nahodha asijibu. Nje ya wimbo, neno lilo hilo lingemshusha bandari ya kwanza. Baba alikuwa na ubeti mmoja alioupenda:

Nahodha kala wali,
Haya vuta!
Katuachia ukoko,
Haya vuta!

Jioni ya siku alipoutoa mara ya kwanza, alinisimulia, wali laini ulifika mpaka kwa mabaharia.

Mwaka jana alipigwa na kiharusi. Nilimleta Nairobi kwa gharama zangu. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yamempotea yote, isipokuwa moja: "Basi." Ukimuuliza kama atakunywa chai, basi. Akikasirika, basi. Macho yalielewa kila kitu. Ulimi ndio uliogoma.

Mtaalamu wake wa usemi, mama mmoja wa Machakos mwenye ofisi Hurlingham, hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mwimbie," aliniambia. "Kuna wagonjwa hawawezi kusema lakini wanaimba. Ila usijidanganye. Wimbo wa zamani hutoka wenyewe, kama sala. Mimi nataka nisikie ametunga neno lake mwenyewe. Hapo nitajua njia imefunguka. Na tusikawie, kwa sababu miezi hii ya kwanza ndiyo yenye nafasi."

Basi nikamkalisha kwenye kochi nikamwimbia wimbo wa kamba. Nina sauti nzuri, hata melini walinisifu. Baba aligeuza uso akatazama ukuta. Kesho yake vile vile, na keshokutwa. Nikaanza kuogopa kwamba ile njia imejiziba kabisa.

Nilikuwa barazani nikijilaumu ndipo nikakumbuka kofi la utotoni. Nilikuwa naoga, naimba wimbo huo huo, Baba akaja mlangoni akanizaba kofi.

"We! Nyamaza! Wimbo wa kamba hauimbwi mikono mitupu. Unaita kazi, kazi iko wapi?"

Ilikuwa mila yao. Waliamini ukiuimba huna kamba mkononi unauita upepo, nao ukija utadai kazi. Kumbe kwenye kochi nilikuwa namletea mzee mkosi, kisha nashangaa haitikii!

Wiki ile mafundi walikuwa wanapandisha tangi la chuma juu ya paa, maana maji ya mfereji Uthiru huja yanapotaka. Walikuwa na kamba na kapi, lakini kila mmoja alivuta kivyake.

"Boss, hii tangi imekataa," fundi mkubwa alisema.

"Ngojeni," nikasema, nikamtoa Baba nje na kiti chake cha magurudumu. Nikamtia mkia wa kamba katika mkono wake mzima, wa kushoto. Wazo lilikuwa langu, sikufundishwa na mtu.

"Eh, boss! Unaletea sisi mzee wa watu avute tangi?"

"Havuti, anawaimbisha. Yeye akisema, nyinyi jibuni 'haya vuta', halafu mvute."

Baba aliifinya kamba. Akainua macho hadi kwenye kapi, kifua kikajaa.

"Nahodha kala wali!"

Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini maneno yalikuwa kamili.

"Haya vuta!" Tangi likaachana na ardhi.

"Huyu mzee ni moto!" fundi alipiga kelele.

Nilitoa simu nikaanza kurekodi. Nilitaka kulia, nikajizuia, kwa sababu nilimkumbuka yule mama: hutoka wenyewe, kama sala. Kweli, tangi lilipofika ghorofa ya pili mistari ikamwishia. Mafundi walikuwa wameshikilia uzito.

"Mzee, usituache hapa! Leta ingine!"

Baba alitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Macho yakanifikia mimi, yakatulia.

"Mwenye nyumba…" Akasita. "Mwenye nyumba kashika simu!"

"Haya vuta!"

"Kamba twavuta sisi!"

"Haya vuta!"

Walicheka mpaka nikahofia tangi litawaponyoka. Mimi sijawahi kutukanwa nikashusha pumzi namna ile. Neno lilikuwa lake, jipya, na lilikuwa kali. Niliitupa simu mchangani nikashika kamba nyuma ya mafundi. Yeye hata hakunipa nafasi ya kuvuta.

"Mikono yake laini!"

Niliitikia kwa sauti kuliko wote.