Kipande cha Reli Kule Baada ya Mbau

Baba yangu alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa reli ndogo ya shamba la kahawa, kwenye vilima vya Lubero. Haikuwa na gari-moshi. Vitoroli vya chuma vilisukumwa na watu, vikateremsha kahawa hadi barabarani, vikarudishwa juu kwa mabega. Wenye shamba walipoondoka, mvua ikachukua daraja, na hakuna aliyelijenga tena. Watu wakang'oa vyuma kila mmoja kwa haja yake.

Mimi nimezeeka nikivitafuta. Hapa Butembo najua duka ambalo boriti yake ni reli ile. Namjua fundi wa majembe anayefua chuma juu ya kipande chake, na mama anayefunga mbuzi kwenye gurudumu la toroli. Chuma kile nakitambua haraka: kichwa chake ni chembamba, na kimelika upande mmoja, kwa sababu njia yote ilizunguka mlima ikipinda upande uleule. Watoto wangu wananicheka. "Papa anangojaka treni yenye haifikake."

Binti yangu wa mwisho ameolewa katika kijiji kilicho baada ya Mbau, barabara ya Oicha. Aliniambia kwa simu kwamba huko pia kipande kinaning'inia karibu na kanisa. Mimba yake ilikuwa kubwa, na mume wake alikuwa Beni kuuza kakao. Nikasema ninakwenda kumwangalia binti. Ukweli ni kwamba niliwaza chuma kwanza.

Asubuhi baada ya kufika kwake, yeye akichuma matembele nyuma ya nyumba, nilitoka peke yangu. Kipande kilifungwa kwa waya kwenye mparachichi, kando ya kanisa. Kilikuwa kimelika upande mmoja! Baba alinifundisha kwamba reli nzima huimba, iliyopasuka hukohoa; ndiyo maana alipita njiani na nyundo akizigonga. Kwenye shina palikuwa na boliti kubwa. Nikaichukua, nikagonga. Reli ikaimba. Nikagonga chini kidogo, kisha tena na tena, nimeinamisha sikio.

Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wanakimbia. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Mwanaume mmoja alimbeba mtoto kwapani kama mkungu wa ndizi. Mama mmoja aliacha kiatu matopeni. Wote waliingia katika mashamba ya kakao, na mimi nami nikaanza kukimbia nyuma yao.

"Muzee! Unakimbia nini, na ni weye ulipiga?"

Alikuwa bibi kizee, ameketi mlangoni mbele ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Nikatazama mkono wangu. Boliti ilikuwa bado imo.

"Kile chuma hapa hatupigake bure," alisema. "Kikilia, ni wauaji bamefika. Batu banaingia pori. Miye sina miguu, nilijisemea wanikute nikikula."

Nilikimbilia nyuma ya nyumba ya binti. Matembele yalikuwa yamemwagika. Hakuwepo. Nikarudi kwa bibi.

"Nipige tena wajue ni amani?"

"Piga tena, bakimbie mpaka Ituri!"

"Basi nitawaita."

"Sauti yako nani anaijua? Na wale wauaji nabo banaita batu kwa upole: mutoke, ni sisi."

Niliingia katika kakao hata hivyo. Sikuthubutu kumwita kwa nguvu. Nilisema tu kwa Kinande, lugha yetu, polepole, kwamba ni mimi, baba yake. Mahali fulani karibu mtoto alianza kulia, kisha kilio kikazibwa ghafla. Walikuwa wananisikia. Hakuna aliyejibu.

"Usigeuke," mtu akasema nyuma yangu. "Uko nani?"

Nikamweleza mimi ni baba wa nani.

"Nani alipiga chuma?"

"Ni miye."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu. Nilikuwa nasikiliza kama kimepasuka."

"Unasema?"

Ikanibidi niseme mara ya pili. Nilipogeuka, niliona kijana mwenye panga. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kunipiga. Kisha akatangulia mbele yangu, maana alimjua binti yangu na alipojificha.

Tulimkuta kwenye mtaro, ameegemea udongo, anauma pindo la kikwembe alichovaa. Aliponiona akanivuta mguu.

"Papa, lala chini! Watakuona!"

"Mama, hakuna kitu. Ni miye nilipiga."

Aliniachia mguu. Kisha akashika tumbo. "Nilianguka. Mutoto hachezi."

Kijana aliwaita wenzake kwa majina, na sauti yake ikawatoa. Walimbeba hadi kituo cha afya. Mimi nilifuata nyuma, na hakuna aliyetembea kando yangu. Muuguzi alisikiliza tumbo mahali pamoja, akahama, akasikiliza tena, uso wake hauonyeshi kitu. Mwishowe akasema, "Yuko muzima." Nikaketi chini hapohapo, kwenye saruji.

Watu walikusanyika nje. Nilitoka nikawaambia kwa kinywa changu, bila kusingizia uzee. Mwanaume mmoja akasema chuma kiondolewe. Mwingine akauliza, na wakija kweli, tutaambiwa na nini? Walibishana bila kunitazama. Kikabaki.

Nilirudi ndani kumuaga binti yangu. Nilimwomba aje Butembo ajifungulie kwetu. Alikataa, kakao haijiangalii yenyewe, alisema. Kisha akanishika mkono, bila hasira.

"Papa, zamani kikilia sikufikiri kitu, nilikimbia tu. Sasa nitasimama kwanza nijiulize."

 Nikamwomba aniahidi kwamba hatasimama. Akageukia ukuta.