Mkono Usiofika Sikioni

Mwanangu, mimi hakuna tena jambo la kunishangaza. Nilianza na karai moja la bajia pale Jang'ombe, leo nna maduka mawili Darajani na lori lenye jina langu ubavuni, nishangae nini? Darasani nilikaa miaka miwili tu, na wa pili nilikuwa nasinzia. Nimeona tajiri akiomba chumvi, nimeona na maskini akijenga ghorofa, na huyo maskini ni mimi.

Basi juzi mpwa wangu anayesomea ualimu alinikalisha Forodhani akaniuliza, "Mjomba, ati utoto ni kitu cha mwilini, au ni watu tu wanaompangia mtu?" Nilitaka kumcheka. Chai ikanipoa mkononi. Ilinijia asubuhi moja ya zamani, ambayo kila nikiikumbuka huja kama nguo iliyochuja rangi majini, yote imefifia ila kivuli kimoja.

Kivuli hicho ni cha dada yangu Zuhura, mama wa huyo mpwa wangu. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya Mapinduzi, ada za skuli zimeondolewa, na kila mwenye mtoto anamtafutia nafasi. Wazee wetu walikwisha kutangulia mbele ya haki. Mimi, kijana wa miaka kumi na tisa, nilipanga na Zuhura chumba kwa Bi. Mwatima, bi kizee msuka mikeka. Zuhura ana miaka mingapi, hakuna aliyejua. Tuliambiwa alizaliwa mwaka embe zilipozidi hata mbuzi wakazikataa. Kwa watoto kama hao mwalimu alikuwa na kipimo chake: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Vidole vikifika, umri wa skuli umefika. Visipofika, rudi kwenu ukakue.

Kila asubuhi, jua likichungulia mlangoni, Zuhura alisimama mbele ya ukuta wa udongo akijipima. Namwona sasa hivi. Kivuli cha mkono kinapanda taratibu, kinavuka nywele, kinashuka upande wa pili kama mjusi, kinagusa. Halafu anacheka peke yake.

Lakini mwanangu, nani angeniroweshea kunde za bajia? Nani angezimenya, azitwange, abebe beseni hadi nilipokuwa nawakaangia wachukuzi wa bandarini? Nikamwita kando.

"Zuhura, kesho mwalimu akikwambia ushike sikio, usifike."

"Kaka, mbona nnafika?"

"Mwakani utafika zaidi. Mie nshasema."

Kesho yake tukapanga foleni. Zamu yake ilipofika, aliinua mkono, ukapanda, ukavuka, na pale penye kushuka ukasita. Vidole vikabaki hewani, kitambo cha punje ya mchele tu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Huyu bado mtoto," mwalimu akasema. "Mlete mwakani."

Hakulia. Tulipopita sokoni nilinunua kunde, nikamtwika beseni, tukaenda zetu. Moyoni najisifu, mtoto wa mjini mimi, nimemzidi akili hata mwalimu.

Bi. Mwatima alikuwa barazani na ukindu wake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Enhe, wamemchukua?"

"Bado mtoto, Bi. Mkono haukufika sikioni."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Mkono haukufika sikioni, lakini beseni limefika utosini?"

Akaniashiria nimtue dada yangu, kisha akaita, "Zuhura!"

"Naam, Bi."

Akamchomeka uzi wa ukindu nyuma ya sikio la kushoto. "Hebu nipe uzi wangu. Kwa mkono wa kulia, kwa juu."

Zuhura akauchomoa kama anayechuma ua, akampa. Bi. Mwatima akaendelea kusuka. Alisuka mpaka nikatamani anitukane.

"Mwili wa mtoto anaukuza Mungu," akasema mwishowe. "Wewe hukuumba mkono huu, huwezi kuurefusha wala kuufupisha. Lakini unamfanya mtu mzima penye beseni, mtoto penye kalamu. Mdogo ni yule yule! Nenda kwa mwalimu, useme kweli."

Nilikwenda asubuhi yake. Mwalimu aliposikia mkono umefika, akawageukia wazazi waliokuwepo: "Jana mfupi, leo mrefu! Umemtilia mbolea?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ikanibidi niseme mbele yao kwamba mimi ndiye niliyemfunza asifike. Kicheko kikakatika. Mwalimu akafunga daftari. Nafasi zilikuwa zimejaa.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu iliishia barazani kwa Bi. Mwatima.

"Umewaambia watu ni mtoto," alisema. "Basi na awe mtoto mwaka mzima. Kunde usimpe hata moja."

Mwaka ule naukumbuka kama usingizi wa mchana. Zuhura akicheza mdako kivulini, vijiwe vinaruka na kutua. Zuhura akirudi na matope magotini, akiimba maneno yasiyo na maana. Nami karaini, nikimtazama mtoto ambaye sikuwahi kumwona, na ilhali alikuwa akilala chumba kimoja na mimi. Mwaka uliofuata aliingia skuli. Yeye ndiye aliyekuja kunifunza kusoma sawasawa.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimjibu hivi, nawe usikie. Mwili huleta mtoto, lakini utoto hupewa na watu, na watu hao hao wanaweza kumnyang'anya kwa beseni moja. Usimpime mtoto kwa haja yako. Ukimwita mdogo, mwite mdogo kutwa nzima, si pale panapokufaa wewe. Nafasi ya mwaka ule nilimwibia, na hakuna duka linaloiuza.

Mungu akukuzie wanao, awape mikono ya kufika wanakotaka, nawe akupe macho ya kuwaona wangali wadogo.

Bi. Mwatima alinitafutia mama mmoja jirani wa kumenya na kutwanga, senti hamsini kwa siku, tukapumzika siku mbili tu za Idi mwaka mzima. Mwaka mmoja wa utoto wa dada yangu ulinigharimu shilingi mia moja themanini na moja na senti hamsini.