Salamu Alizoziweka Mutie Juu ya Fomu

Mutie ni fundi wa paipu pale Kawangware, Mkamba wa Kitui, na ukimsikia akijisifu utadhani maji ya Nairobi yalimwomba ruhusa kabla ya kuingia mjini. Si uongo wote. Akigonga paipu kwa spana anajua imeziba wapi, kama daktari anavyogonga kifua. Kitu ambacho hakijawahi kumtii ni simu.

Na simu ndiyo Mumbi alimletea. Mumbi ni binti wa mwenye ploti, na sasa ndiye anasimamia nyumba za babake za Kawangware pamoja na zile za Gatwekera, kule Kibera. Alikuwa amechoka kupigiwa na wapangaji usiku na mchana, akatafuta programu: mpangaji anajaza fomu kwa simu yake, na programu yenyewe inamtumia fundi ujumbe, bila mkono wa mtu katikati.

"Mzee Mutie, fomu ni yako," akamwambia. "Unabonyeza hapa, kisanduku kipya kinatokea, unaandika swali. Gatwekera ulipotea juzi, kwa hivyo ongeza swali la nyumba iko karibu na nini. Ukipotea tena, kazi ya huko nampa Collins."

Collins ni fundi wa upande wa Nyayo Highrise, mwenye ovaroli ambayo haijawahi kuonja matope.

Mutie akaketi kitandani, akaongeza la nyumba. Kisha akaisoma fomu yote, aibu ikamshika. Jina. Namba ya simu. Shida ni nini. Hivi tu? Unafika kwa mtu, hujamjulia hali, unauliza kilichovunjika? Hata anayekuja kudai kodi husalimia. Akaongeza visanduku vingine: Habari ya nyumbani? Watoto wako aje? Kazi inaendelea? Akavivuta kwa kidole mpaka juu kabisa, mahali pa salamu, akalala kama profesa.

Asubuhi simu ikalia. Ujumbe ulisema: "Ombi jipya. Mbaya sana. Wamelowa. Nimefunga."

Mutie akausoma. Akazima simu, akaiwasha, akausoma tena. Akafungua fomu: swali la nyumba lilikuwepo, limekaa pale pale alipoliacha. Sasa jibu lake limeenda wapi? Akampigia Mumbi, laini ikawa na shughuli. Kitu kimoja tu alikijua: wapangaji wa Kawangware hawana haja ya fomu, wao humgongea mlango. Basi huyu aliyelowa ni wa Gatwekera. Akachukua spana na boda.

Alipofika akaanza kwa mama wa mandazi.

"Samahani, mama. Ni nani hapa watoto wake wamelowa?"

"Kwani umekuja kubatiza?"

"Nyumbani kwake ni mbaya sana, na amefunga kazi."

Mwanamume mmoja aliyekuwa akinywa chai akainua mkono. "Ni mimi huyo. Nifanyie nini?"

Kibanda kizima kikacheka. Mutie akatazama chini, na hapo ndipo akaona. Mtaro wa Gatwekera una rangi yake ambayo hata mgeni anaijua. Huu ulikuwa unapitisha maji safi. Akayafuata kwa kupanda, kona baada ya kona, mpaka mlango wa bluu ambapo mshonaji aitwaye Apiyo alikuwa amepandisha cherehani na watoto juu ya kitanda.

"Fundi, nimekungoja mpaka nikampigia Mumbi," Apiyo akasema. "Si niliandika? Nyuma ya kanisa, mlango wa bluu."

"Niliona ya watoto peke yake, mama."

"Na ya kanisa?"

"Hiyo sijui ilishukia wapi."

Akafunga koki, akakata palipopasuka, akaunganisha. Alikuwa akikaza mara ya mwisho Mumbi alipotokea, Collins nyuma yake na sanduku la vyuma. Collins akaomba simu, akaipekua, akatabasamu.

"Mzae, programu imepangwa itume visanduku vitatu vya juu. Vilikuwa jina, namba, shida. Wewe umeweka salamu, hivyo vingine vikasukumwa chini. Na hata bila salamu, hilo la nyumba lingekuwa la nne, lisingekufikia. Kuongeza swali kwa fomu ni kitu kimoja, kuiambia programu ikuletee jibu ni kingine."

"Lakini mama amejaza?"

"Amejaza."

"Basi jibu liko wapi?"

"Liko kwa fomu."

"Na fomu si ni hii umeshika?"

Mumbi hakungoja hayo yaishe. Aliinama akapapasa paipu, ilikuwa kavu. Akaangalia sanduku la Collins, ambalo halikuwa limefunguliwa.

"Paipu za Gatwekera zinabaki na Mzee Mutie," akasema. "Collins, wewe chukua fomu."

Collins akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuvivuta visanduku, na Mutie akasimama nyuma yake akikifuata kile kidole kwa macho.

"Sasa hayo majibu ya chini," akauliza, "huwa yanalala wapi?"

Collins akaanza kumweleza upya.