Mzee Aliyejua Miaka ya Vifo

Usiniambie niliota. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimeshiba githeri, na nilikuwa macho kama ulivyo wewe sasa.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa msaidizi katika maktaba ya chuo kimoja pale Nyeri. Mkubwa wangu, Mwalimu Kariithi, alikuwa mkutubi mpole aliyewahi kuandika kijitabu kuhusu ufugaji wa nyuki. Tulikuwa tumeletewa kompyuta moja, na kazi yangu ilikuwa kuingiza humo kadi zote za vitabu. Haikuwa ya kubonyeza vipicha kama hizi zenu. Skrini nyeusi, herufi za kijani. Unaandika amri, unabonyeza Enta, inakuuliza: kitabu gani? Mwandishi nani? Alizaliwa mwaka gani, alikufa mwaka gani? Kama yu hai, hapo pa mwisho unapaacha wazi.

Ijumaa hiyo Mwalimu alikuwa Timau kwa binti yake, Wangari. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Saa nane hivi akaingia mzee mmoja mwenye koti refu, kofia mkononi. Nikadhani ni mwalimu mstaafu. Akavuta kiti, akatazama skrini.

"Huyo alishakufa," akasema, akanitajia mwaka.

Nikaangalia katika kitabu cha marejeo. Kweli. Akanipa wa pili, wa tatu, wa kumi. Hakukosea hata mmoja. Nami, kusema ukweli, nilifurahi! Kazi ya wiki nzima ilikuwa inakwisha kwa saa moja. Ndipo nikagundua kwamba anataja jina kabla sijaliita kwenye skrini.

"Sasa lete Kariithi," akasema.

"Mzee, huyo ni mkubwa wangu. Yuko hai. Jumatatu atakuwa hapa."

"Andika mwaka huu."

"Ati mwaka huu?"

"Mwaka huu, mwanangu. Leo, kabla giza halijaingia."

Niamini, hakunishika mkono wala hakunitisha. Vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea kuifuata sauti ile. Vikaandika. Nikabonyeza Enta, nikageuka kumuuliza yeye ni nani hasa. Kiti kilikuwa kitupu.

Mama Wanja, aliyekuwa anapiga deki karibu na mlango, alinitazama vibaya. "Mzee gani? Mimi nakusikia tu ukiongea peke yako tangu saa nane."

Nikaandika amri ya kufuta, na mwaka ule ukafutika mara moja, bila shida yoyote. Nikapumua. Nikajiambia yameisha.

Hapo ndipo nilipokosea. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilikuwa na namba ya simu ya duka lililo jirani na kwa Wangari. Nikainua simu, nikairudisha. Ningesema nini? Mwalimu, usitoke nje, kuna mzee amesema utakufa leo? Wangecheka duka zima. Jumatatu ofisi nzima ingesema kompyuta imenipanda kichwani. Nikafunga maktaba, nikaenda nyumbani.

Saa kumi na mbili kasorobo, lori lililobeba ngano lilimgonga Mwalimu Kariithi akivuka barabara kwenda kununua maziwa. Hakufika hospitali.

Kwenye mazishi mjane wake alinishika mikono yote miwili. "Alikuwa anakusifu sana," akasema. Nikalia tu. Nilikaa na jambo hilo miaka sita, mpaka nikaenda kwake na kumweleza yote. Akaniuliza swali moja tu.

"Simu ilikuwa inafanya kazi?"

"Ndiyo, Mama Wangari."

Akainuka, akanifungulia mlango. Hakunisalimia tena mpaka siku alipokufa.

Wengine huniuliza yule mzee alikuwa jini au mzimu. Sijui, na siku hizi sijali sana. Hata kama ni yeye aliyemuua Mwalimu, mimi nilipewa saa mbili na zaidi, nikaogopa kuchekwa.

Kwa hivyo nakuomba, wewe unayenisikiliza: ukipata habari kama ile, hata ikiletwa na mtu ambaye wengine hawamwoni, hata kama huiamini wewe mwenyewe, piga simu. Piga upesi. Acha wakucheke.